Abdulrahim Hakujua Kuomba

"Piga magoti, Abdulrahim! Piga sasa hivi!"

Shufaa, binti aliyefuatana naye kumtafsiria, alisema kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini, ili wenye mikuki wasielewe.

Miaka ile ya mwanzo ya Wajerumani, Abdulrahim alikuwa mchuuzi wa chumvi aliyetoka pwani. Alifika barazani kwa mtawala wa Nkwenda akiwa amechoka, akautua mzigo wake juu ya ngoma. Hakujua kwamba Wanyambo ngoma ile huiheshimu kama wanavyomheshimu mtawala mwenyewe.

"Nimpigie magoti nani?" alifoka. "Ngozi ya ng'ombe?"

"Nyamaza! Watakuua!"

Bagambaki, mzee mlinzi wa ngoma, akamgeukia Shufaa. Alimfahamu binti huyo, kwani mama yake alikuwa Mnyambo.

"Anasemaje huyo?" aliuliza kwa Kinyambo.

"Anaomba radhi, tata," Shufaa alijibu, akimwita baba kwa heshima.

"Kwa shingo ngumu namna ile?"

"Basi mimi namwombea, tata yangu..."

"Haiwezekani. Aliyeikosea ngoma huomba kwa kinywa chake. Akishindwa, hatoki hapa."

Mkuki ukagusa koo la Abdulrahim.

"Sema chonde!" Shufaa alimsihi. "Neno moja tu!"

"Chonde ni neno la wanyonge."

"Ni neno la aliyeshikwa pabaya! Humwambii mtoto wala mtumishi wako. Unamwambia anayeweza kukumaliza, ili asikumalize. Sasa wewe hapo umeshikwa wapi?"

Tone la damu likamshuka kifuani. Abdulrahim akalitazama. Akapiga magoti.

"Chonde," alisema. "Chonde chonde, mzee wangu, nisamehe! Sikujua!"

Shufaa akafungua kinywa kutafsiri. Bagambaki akamzuia.

"Hilo nimelielewa. Mwachieni. Chumvi itabaki."

Walipofika migombani, Abdulrahim alijifuta damu kooni.

"Nimeaibika mbele yako."

"Pale chini, uliniwaza mimi?"

"Hapana, Shufaa. Niliogopa kufa. Sikumwaza mtu."

Shufaa akasimama.

"Mwezi mzima unanitungia beti, eti uko tayari kufa kwa ajili yangu. Nikawa nakukimbia. Nani aolewe na mtu asiyeogopa kufa?"

Akauweka sawa ushungi wake.

"Leo umeniambia kweli. Mtume mshenga kwa baba. Na umwonye, asije na beti."