Amesafiri, Yuko Kitanda cha Dirishani

Walikutana siku bomba lilipopasuka ukumbini mwa hospitali. Watu waliinua miguu na mikoba, maji yakapita chini ya viti. Mshonaji mmoja tu hakuinua. Alivaa gauni la kijani alilolishona mwenyewe, na pindo lake lilikuwa linalowa.

"Dada, unanisaidia kudeki?" fundi bomba akamuuliza, suruali kaikunja hadi magotini.

"Maji yakimwagika hayazoleki."

"Hayo ya methali. Haya yangu yanazoleka."

Akamsogeza pamoja na kiti chake. Mshonaji akacheka, akasema amekuja kumtazama mgonjwa. Hakusema kwamba mgonjwa ni yeye, wala kwamba miguu yake ilizidi kufa ganzi. Wakapeana namba.

Ikawa simu juu ya simu. Mshonaji alimwita fundi Koki, naye akaitwa Sindano.

"Sindano wangu, umekula?"

"Nimekula. Wewe umeoga, au bado unanuka mtaro?"

Kisha daktari akamwambia ana uvimbe kwenye uti wa mgongo, unanyonya damu nyingi, na hata ukitolewa, huenda miguu isipone. Cherehani yake ilikuwa ya kukanyaga. Asiyeweza kukanyaga, alijiuliza, ataolewa akafanye nini? Akamwandikia Koki: "Nimesafiri. Usinitafute." Tangu hapo simu ikilia, aliiacha ilie.

Siku moja kabla ya upasuaji, walimpitishia mrija mwembamba kwenye mshipa wa kinena, ukapanda mpaka kwenye mishipa inayoulisha ule uvimbe, wakaiziba. Uvimbe ukinyimwa damu, kesho wataukata bila kuhofia damu nyingi kumwagika. Akaamriwa alale chali, mguu umenyooka, asiukunje wala asiinuke.

Simu ikalia ndani ya droo. Ikanyamaza, ikalia tena. Vitanda vingine vilikuwa na ndugu waliomenya machungwa na kubishana nani alete uji asubuhi. Yeye alikuwa na shangazi tu, tena mbali. Alitazama dari hadi akaijua mipasuko yake.

Muuguzi akafungua droo. "Hii simu imenichosha. Nimjibu nini huyu?"

"Mwambie nimesafiri."

Muuguzi akaiweka sikioni. "Anasema amesafiri. Yuko wodi ya upasuaji, kitanda cha dirishani. Ukichelewa utafungiwa nje."

Koki aliingia akihema, buti zimejaa tope.

"Nilidhani umepata mwingine."

"Nimepata uvimbe," alisema, akamweleza yote, macho yakiwa darini.

Koki akasogea kando ya kitanda. "Kwa hiyo leo wamefunga koki, kesho ndiyo wakate bomba."

"Usinichekeshe. Nimekatazwa kutikisika."

"Sichekeshi. Ndivyo inavyotakiwa."

"Na nisipotembea tena?"

"Sijui, Sindano."

Katika maneno yote aliyoambiwa hospitalini, hilo ndilo lililomtuliza moyo. Wengine wote walimwambia asijali.

Koki akavuta kiti. "Lakini ile cherehani nitaing'oa kanyagio, niifunge mpini. Mimi nazungusha, wewe unashona."

"Kila siku?"

"Kwani ndoa huwa ya siku ngapi?"

Machozi yakamtiririka hadi masikioni, kwa kuwa hakuruhusiwa kuinua kichwa. Koki akayafuta kwa mkono wa shati unaonuka kutu.

"Hujanijibu."

Kengele ya kumaliza muda wa wageni ikalia. Muuguzi akawatoa wageni wote. Koki akamwekea simu kiganjani, akaondoka. Kiti kikabaki kitupu, maganda ya machungwa yakafagiliwa, wodi ikapoa. Upweke ukarudi kama mwenye nyumba.

Simu ikatetemeka mkononi.

"Uko wapi?" akauliza.

"Hapa nje ya geti. Askari ananitazama vibaya. Na wewe, bado umesafiri?"

Aliutazama mguu wake ulionyooka chini ya shuka.

"Nimerudi, Koki. Katafute huo mpini."