Unyayo wa Jasi

Asubuhi ya pili, mbweha alipita kwa miguu mitatu.

Ildefonce, mtafiti wa wanyamapori, alichuchumaa nje kidogo ya Malinyi, akasoma mchanga upya. Kiangazi hicho cha 1996 kazi yake ilikuwa moja: jioni kulainisha mchanga na kuweka dagaa katikati, asubuhi kutazama nani kapita. Alimtafuta mbweha wa masikio makubwa, mnyama wa nchi kavu ambaye hakuna aliyewahi kuandika kwamba ameonekana huku Kilombero. Jana nyayo zilikuwa nne. Alimimina jasi katika ule wa mbele kushoto, ukatoka mweupe, mzima, na kucha zake.

Leo pale pa mguu huo palikuwa patupu. Wala nyayo nyingine hazikuonyesha kuchechemea.

"Kanaswa mtegoni," alijiambia, akautia ule unyayo wa jasi kwenye boksi, akaupeleka nyumbani Ifakara.

Siku ya tatu binti yake Fausta, wa miaka minne, alishindwa kusimama. Mguu wa kushoto ulikuwa baridi kama mtungi.

"Baba Fausta, umeleta nini kwenye hilo boksi?" mkewe Theodosia aliuliza kwa sauti ya chini.

"Kazi."

"Kazi gani inanuka manyoya mabichi?"

"Usianze. Wewe hata soksi zangu unazishuku."

"Soksi zako hazikwangui boksi kwa ndani."

Walimbeba mtoto hadi kijiji cha Mbingu, kwa mganga, Bibi Ursula.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umebeba unyayo wa nani?"

"Wa mbweha."

"Nani kakwambia ni mbweha?" Alimtazama. "Mtu akizoa unyayo wa mwenzake, si anataka kumfunga? Majini nao wanajua hivyo. Umemfunga mguu, naye kachukua wa mwanao. Rudisha wote. Usibakize hata punje."

Lakini ripoti bila ushahidi ingekuwa maneno matupu. Kabla ya kwenda kuurudisha, Ildefonce aliugandamiza unyayo kwenye udongo wa mfinyanzi, akamimina jasi nyingine, akaificha nakala kabatini ofisini.

Mchana wa jua kali aliuponda ule wa kwanza, akaufukia palepale alipoutoa, na alipogeuka kuondoka alisikia mchanga ukilia nyuma yake, hatua moja, mbili, tatu, kisha kimya kirefu cha hatua isiyokanyaga, na ile harufu ya manyoya mabichi ikamjia shingoni, ikamfuata mpaka kivukoni, na ndani ya kivuko abiria wakamwachia nafasi bila mtu kusema kwa nini.

Theodosia alimpokea mlangoni akicheka na kulia.

"Anatembea! Umerudisha yote?"

"Yote."

Akamtazama kidogo zaidi ya kawaida. Kisha akachota majivu jikoni, akayatandaza kizingitini.

"Fausta, njoo kwa mama."

Mtoto alikuja mbio, akavuka. Wakainama wote wawili. Mguu wa kulia uliacha vidole vitano. Wa kushoto uliacha vinne, na mbele ya kila kidole, kucha.

"Baba Fausta," Theodosia alinong'ona, "umebakiza nini?"