Mfupa Uliojibu Darasani

Darasa la Madame Lydie lilikuwa na wasichana kumi na mmoja, lakini Jumanne ile walijibu kumi na wawili.

Shule hiyo ya wauguzi ilikuwa imeporwa miaka miwili nyuma, askari walipovunja mji mzima. Vitabu vya mifupa na misuli viliishia sokoni, vikifungia karanga. Hata kiunzi cha mifupa cha plastiki cha kufundishia kilibebwa. Aliyekiiba sijui alitaka kumtisha nani nacho. Madame Lydie, muuguzi mkuu wa wodi ya mifupa aliyefundisha hapo kila alasiri, akabuni mbinu. Anautaja mfupa kwa Kifaransa, nao wasichana wanashika wa kwao mwilini, wanautaja kwa Kiswahili na kumalizia na neno moja: yangu.

“Clavicule?”

“Mufupa ya mutulinga, yangu.”

“Rotule?”

“Pia ya goti, yangu.”

Ilikuwa mbinu nzuri, na kwa hilo nampa sifa yake. Kwa mengine sitampa.

Jumanne hiyo alimsimamisha mbele binti yake wa pekee, Graciella, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho. Pembeni ya ubao kilining'inia kiunzi kipya, cha mtu kabisa, ambacho Madame alikuwa amekipata kwa Chola, mlinzi wa chumba cha maiti, kwa mfuko mmoja wa unga. Aliufungua mfupa wa paja la kushoto, akampa Graciella auweke sambamba na paja lake. Mfupa ule ulikuwa umevunjika katikati na kujiunga wenyewe, ncha moja imepanda juu ya nyingine, ukabaki mfupi na uliopinda.

“Hii njo banaita cal vicieux,” alisema Madame. “Muntu alivunjika, hakuna mwenye alimutia plasta. Mufupa ikajiunga bila akili. Fémur?”

“Mufupa ya paja, yangu,” walijibu wote.

Kisha sauti ya kiume, kavu, ikasema nyuma ya Graciella: “Yangu.”

Darasani hapakuwa na mwanaume. Wasichana walitazama, wakaona kiunzi tu kikining'inia kwenye ndoano yake. Mmoja, Séphora, alicheka kidogo akasema ni mwangwi wa mabati, na wengine wakacheka naye ili woga upite. Lakini harufu ilikuwa imeingia chumbani, harufu ya plasta mbichi, ile ya chokaa iliyoloweshwa sasa hivi. Na plasta hospitalini ilikuwa imekwisha tangu mwaka uliotangulia; ndivyo Madame Lydie alivyowaambia wagonjwa.

Alhamisi Graciella alikuwa anachechemea. Nyumbani kwao, mtaa wa Katuba, mama yake alimlaza kitandani mchana kweupe, akamkanda nyonga, paja na goti, akitafuta uvimbe. Hakuona kitu, ila mguu wa kushoto ulikuwa umepungua urefu kwa upana wa vidole vitatu.

“Inauma wapi?”

“Haiumi, mama.” Graciella alikuwa ananong'ona. “Iko tu sawa vile haiko yangu.”

Chumba kilinuka plasta mbichi.

Kesho yake alimpeleka kwa mzee Anaclet, mpiga picha za mifupa, aliyekuwa ametunza filamu chache kwa wagonjwa wa dharura. Anaclet aliinua ile filamu dirishani, akaitazama muda mrefu, akafunga mlango kabla ya kusema lolote.

“Lydie, mutoto alivunjikaka siku gani?”

“Hajavunjikaka hata siku moja.”

“Cal iko hapa, angalia. Na hii mufupa si ya binti. Ni ya mwanaume, muntu wa miaka makumi ine ao zaidi.” Akashusha sauti. “Sitaki kuyua mulifanya nini. Peleka filamu kwako, usiache hapa.”

Madame Lydie hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja darasani, akasukuma mlango, na mvua ya saa nane ilikuwa imeanza kupiga mabati, na kiunzi kilikuwa palepale pembeni ya ubao, hakijaguswa, ila paja lake la kushoto halikuwa tena na ule mfupa uliopinda bali mfupa mwembamba, ulionyooka, wa msichana, bado una unyevu wa waridi kwenye ncha zake kama mfupa wa nyama uliotoka buchani, na alipousogelea akaona kwamba hata mfupa wa muundi chini yake ulianza kubadilika rangi, kuanzia gotini kushuka kwenye kifundo cha mguu, taratibu, bila haraka, kama mtu anayehamia nyumba akijua hakuna wa kumtoa.

Akaelewa. Mfupa mmoja baada ya mwingine, mpaka mwanawe aning'inie kwenye ndoano.

Alimkuta Chola akiosha meza za maiti.

“Chola, ile mifupa ni ya nani?”

“Uliniambia nisikusumbue na maneno mingi,” alisema Chola bila kuinua macho. “Nilimupika mu tonelo, ile pipa ya mafuta, na soda ya kutengeneza sabuni, siku tatu, nikamwanika. Ni ule muntu wa ku gare, kwa gari-moshi. Kazadi, fundi ya baiskeli. Miye nilizani unamuyua. Si alipitaka kwako?”

Alimjua. Akageuza ndoo, akakaa juu yake.

Ulikuwa mwaka ule wa kufukuzana kwa kabila, jirani anamtoa jirani, maelfu wamelala kwenye kituo cha gari-moshi wakingoja mabehewa ya kuwapeleka nchi ya babu zao, ambayo wengi hawajawahi kuiona. Kazadi aliletwa wodini juu ya ubao wa mlango, paja limevunjwa kwa nondo. Dada yake Mujinga alishika upande mmoja wa ubao. Madame Lydie alikuwa na bandi nane za plasta, zile bendeji za kufungia mfupa uliovunjika, kabatini, na ufunguo mfukoni. Akasema, “Plasta ilimalizika.” Kisha akamgeukia muuguzi mwenzake na kunong'ona, “Ya hapa ni ya benye hapa.”

Kazadi alisikia. “Mama,” alisema, “nilizaliwa hapa-hapa.”

Wakambeba kumrudisha kituoni. Mfupa ulijiunga hovyo, kidonda kikaoza, na baada ya miezi mitatu akafa, maiti ikaletwa kwa Chola. Madame Lydie hakuwahi kukosa usingizi kwa ajili yake. Wapo watu wa namna hiyo, na huwa wanasali vizuri sana kanisani.

Jumatatu alimkuta Mujinga kituoni, juu ya mizigo, bado akingoja gari-moshi. Alimweleza yote kwa sauti ya chini, hata habari ya tonelo.

“Mulimupika,” alisema Mujinga.

“Ndiyo.”

“Kaka yangu. Siye tulikaa matanga hapa chini ya mahema, hospitali ikatuambia amezikwa.” Akateremka kwenye mizigo, akatoa kitenge. “Nitakuya kumubeba. Lakini mutoto yako, si miye nilimukamata. Muulize yee mwenyewe, pale munamuulizaka.”

Basi alasiri hiyo hiyo wasichana waliitwa darasani. Graciella aliletwa kwenye kiti, mguu umepinda na mkono wa kushoto umeanza kulegea begani. Mujinga alisimama mlangoni na kitenge cha kufungia mifupa. Harufu ya plasta ilijaa chumbani, na hakuna aliyecheka.

Madame Lydie alisimama mbele ya kiunzi.

“Kazadi,” alisema. “Plasta ilikuwako. Bandi munane. Nilikunyima juu ya kabila, na nilidanganya mbele ya dada yako. Mutoto yangu hakukuwa pale.” Akaweka mkono juu ya paja lake mwenyewe. “Fémur. Yangu. Kamata ya kwangu.”

Mvua ilipiga mabati. Walingoja, na kila msichana alijishika midomo kwa mikono miwili asije akajibu kwa mazoea, na kiunzi kikaanza kuyumba polepole kwenye ndoano ingawa madirisha yalikuwa yamefungwa, vidole vyake vikigongana, meno yakigongana, mpaka yule wa kumi na mbili aliposema, si nyuma sasa bali karibu kabisa na sikio la Madame, kwa upole wa mtu aliyesubiri zamu yake:

“Yangu.”

Ulivunjika kama kuni kavu. Madame Lydie alianguka ubavu, paja limekunjika mahali pasipo na kiungo. Graciella aliinuka kutoka kwenye kiti chake kwa miguu miwili iliyo sawa, akapiga magoti kando ya mama yake na kulia. Kwenye kiunzi, mfupa wa paja ulikuwa umerudi kuwa ule uliopinda.

“Ufunguo,” Madame alinong'ona. “Mufuko yangu. Kabati ya wodi. Munane.”

Séphora alikimbia. Alirudi amezibeba zote kifuani, akazimwaga sakafuni, nazo zikalia kama mawe. Bandi zote nane zilikuwa zimeganda ndani ya karatasi zake, ngumu, nzito, hazifunguki hata kwa kisu. Kumbe harufu ile ilitoka kabatini siku zote. Mji mzima haukuwa na nyingine.

Mujinga alimteremsha kaka yake bila haraka. Alihesabu mbavu, pingili za uti wa mgongo, vidole, akafunga kitenge na kukibeba kichwani. Mlangoni alisimama, akamtazama yule mwanamke aliyelala chini akishika paja lake.

“Plasta ilimalizika, mama,” alisema, akatoka na kufuata njia ya kituoni.