Alama za Viganja Ukutani

Kila Jumamosi ilikuwa siku ya usafi nyumbani kwa bibi, na Kiberenge hakuwa mtu wa kufanya mambo nusunusu. Jina hilo alipewa shuleni kwa ajili ya mbio zake. Siku hiyo alifagia uani, akapiga deki sebuleni, kisha akaingia ukumbini. Karibu na mlango aliona madoa mawili meusi ukutani, usawa wa kifua cha mtu mzima. Akayasugua kwa sabuni na brashi mpaka ukuta ukang'aa.

Bibi aliporudi kutoka dukani alisimama mbele ya ukuta ule muda mrefu. Hakugomba. Aliketi kwenye kigoda, machozi yakimlengalenga.

"Hayo hayakuwa madoa, mjukuu wangu," alisema. "Ilikuwa mikono ya babu yako."

Kiberenge alitamani ardhi ipasuke immeze. Babu alikuwa amefariki miaka mitatu iliyopita, na sasa yeye ndiye aliyemfuta. Aliomba radhi huku analia. Bibi alimsamehe, lakini siku nzima hakuimba jikoni kama kawaida yake.

Kiberenge alikuwa na jambo jingine moyoni. Wiki ya pili sasa, kisigino cha kulia kilikuwa kinamuuma. Hatua ya kwanza ya asubuhi ilikuwa kama kukanyaga msumari. Baadaye maumivu yalipungua, naye akajidanganya kuwa amepona. Mashindano ya kupokezana vijiti yalikuwa yamebakiza miezi miwili, na yeye ndiye mkimbiaji wa mwisho. Aliogopa mwalimu akijua, nafasi yake itapewa mwingine. Basi akafyata mdomo, akaendelea kukimbia na raba zilizolika soli.

Jumatatu asubuhi bibi alimwona akichechemea kwenda kuoga. Kiberenge akadai amelalia mguu vibaya.

"Babu yako alikuwa mpeleka barua, nami niliishi naye miaka arobaini," bibi alimjibu. "Mwenye kisigino kibovu namjua hata kwa mlio wa ndara zake. Vaa, twende zahanati."

Muuguzi alikibonyeza kisigino, akasema hakuna kilichovunjika. Misuli ya shavu la mguu ilikuwa imekaza, ikawa inakivuta kisigino. Aliagiza wiki tatu bila kukimbia, viatu vyenye soli nzuri, na mazoezi kila siku. Akamwonyesha: viganja ukutani, mguu unaouma uwe nyuma, kisigino chini kisinyanyuke, kisha asukume taratibu hadi shavu la mguu livutike bila kuuma, akihesabu mpaka thelathini.

Kiberenge alimgeukia bibi, akamkuta anatabasamu.

Njiani bibi alisimulia. Babu alizunguka nyumba kwa nyumba na mkoba wa barua, akirudi jioni anachechemea, mpaka alipofundishwa zoezi lile lile. Tangu hapo, kila asubuhi kabla ya kuvaa kofia yake, alisukuma ukuta. Bibi alimtania kwamba ataangusha nyumba. Babu alijibu kuwa anaizuia isimwangukie mkewe.

"Nilikuwa nachemsha chai huku namsikia akihesabu," bibi alisema. "Hesabu ile naikumbuka mno."

Siku hiyo hiyo Kiberenge alikwenda kumweleza mwalimu wa michezo ukweli. Mwalimu hakumnyang'anya nafasi. Alimpa saa awapimie wenzake muda mpaka apone. Kesho yake asubuhi Kiberenge akaanza kusukuma ukuta ule ule wa ukumbini, akihesabu kwa sauti. Asubuhi nyingine uvivu ulimshika, na sauti ikatoka jikoni: "Sijasikia hesabu." Maumivu yakaisha kidogo kidogo. Alirudi uwanjani polepole, na siku ya mashindano alipokea kijiti akiwa wa nne, akamaliza wa pili.

Jumamosi iliyofuata alifika ukumbini na brashi mkononi, akasimama. Pale pale ukutani kulikuwa na alama mbili mpya, ndogo, chini kidogo ya mahali zilipokuwa zile za zamani. Akamuuliza bibi kama azioshe.

"Ziache," bibi alisema. "Ulificha maumivu yakazidi, ulipoyasema yakapata dawa. Na usisukume ukuta siku unayoumwa tu. Babu yako aliusukuma hata alipostaafu, ndiyo maana alitembea vizuri mpaka mwisho."

Kisha akaelekea jikoni kubandika chai.

"Haya, hesabu," akaita. "Nikusikie."

Kiberenge aliweka brashi chini, akaweka viganja vyake juu ya alama zile, akaanza kuhesabu kwa sauti. Alipofika ishirini, alimsikia bibi akiimba.