Sauti Iliyomfuata Tausi

Walipokuwa Moa, Tausi aliitika mara tatu kabla ya chakula cha mchana, na hakuna aliyemwita.

Mara ya kwanza Nasra, mama yake, alicheka tu. Walikuwa wametandika mkeka kando ya gofu la nyumba ya kale, na kwa kuwa masika yalikuwa yamekatika juzijuzi, majani mabichi yalikuwa yameota hadi ndani ya nyufa za ukuta. Uweso, mumewe, alikuwa dereva wa Noah ya abiria kati ya Tanga na Horohoro. Kila mwaka mvua zikipungua, Jumapili gari lake halipakii abiria. Linapakia mke, mama na mtoto, wakatembee miji midogo, leo Muheza, wiki ijayo Maramba. Jumapili hiyo ilikuwa zamu ya Moa. Mama wa Uweso, Bi Mwanamkasi, alikuwa akipakua wali wa nazi.

"Abee, mama," Tausi akaitika tena, akitazama kwenye gofu.

"Sikukuita, mwanangu."

"Umeniita. Uko kule nyuma ya ukuta."

Nasra alikuwa mbele yake, sahani mkononi. Akamwambia anawe mikono, akageuka kumpa mumewe maji, na alipogeuka tena mtoto hakuwepo. Walimsikia akiitika mara ya tatu, kwa mbali. Walimkuta nyuma ya ukuta, ameketi kwenye ukingo wa kisima kilichofukiwa. Nywele zake, alizosukwa mistari mitatu asubuhi ile, zilikuwa zimefumuliwa na kusukwa upya, mistari myembamba isiyohesabika, imelowa na inanuka tope la mikoko. Hazikuwa zimepita hata dakika tano.

Nasra alimuuliza nani kamsuka. Tausi alimshangaa. Alisema, "Si wewe?"

Walirudi nyumbani kwao Chumbageni, Tanga, bila kula.

Siku mbili zilipita kimya. Siku ya tatu, jua la utosi, Bi Mwanamkasi alikuwa ukumbini akichambua mchele, na mkwewe Nasra akamuuliza kutoka chumbani kama nazi zinatosha. Akamjibu zinatosha. Akamuuliza mtoto amelala wapi. Akamjibu. Kisha mlango wa mbele ukafunguliwa na Nasra akaingia kutoka sokoni, kapu mkononi, akamwamkia shikamoo, na yule mama mzima akashindwa kuitikia, kwa sababu kule chumbani Nasra mwingine alikuwa bado anazungumza.

Tangu hapo harufu ya tope haikutoka ndani ya nyumba. Sauti ilikuwa ya Nasra kabisa, hadi ule mkwaruzo aliokuwa nao kooni tangu mafua ya Ramadhani, na kila adhuhuri, Nasra akiwa jikoni au uani, ilimwita Tausi kutoka chumba ambacho hakikuwa na mtu, ikimbembeleza kwa jina la utotoni ambalo walilijua wao wawili tu. Alhamisi ya wiki iliyofuata Tausi alirudishwa na mwendesha bodaboda aliyemkuta amesimama peke yake kwenye barabara ya Horohoro. Mtoto alisema mama ndiye aliyemwambia atangulie Moa, atamkuta kisimani.

Jioni hiyo hiyo Uweso alimfuata Mzee Jumbe wa Tongoni, aliyekuwa akisomea watu. Mzee alifukiza ubani, akaandika kombe, aya za Kurani kwenye sahani, kwa zafarani, akaliosha kwa maji ya waridi, akamnywesha mtoto. Kisha akauliza, bila kupaza sauti, aliyemo ndani anataka nini. Jibu lilitoka nyuma ya pazia la chumba, kwa sauti ya Nasra, huku Nasra mwenyewe ameketi mkekani ameziba mdomo kwa kanga.

"Nilimwita, akaitika. Mara tatu. Basi ni wangu."

Mzee hakubishana na jini hilo. Alichukua karatasi akaandika, ili lisisikie. Aliandika kwamba jini lile halina sauti yake, linakula ya Nasra, na kila neno analosema Nasra ndani ya nyumba hiyo ni tonge linalolishwa. Akae siku arobaini asitamke kitu, hata usingizini wamwamshe akiweweseka. Na mtoto afundishwe asimwitikie yeyote mwenye sauti ya mama yake. Mama atamshika bega. Hiyo ndiyo itakuwa alama yake.

Nasra alikuwa mwalimu wa chuoni, akisomesha Kurani watoto wadogo wa mtaa mzima. Aliacha darasa siku hiyo hiyo. Majirani wakasema amekuwa bubu, wengine wakasema kapigwa na mumewe. Hakumjibu mtu.

Wiki ya kwanza sauti ilimwita Tausi kwa ukali. Ya pili ikambembeleza. Ya tatu ilianza kukonda, na hapo ndipo ikawa mbaya zaidi, kwani adhuhuri moja ilipiga ukelele kutoka jikoni kwamba mafuta yamemmwagikia, kwamba anaungua, Tausi mwanangu njoo, njoo unishike, na Nasra akiwa sakafuni ukumbini amemkumbatia mtoto kifuani, mdomo ameung'ata hadi damu ikamtiririka kidevuni, alisikia kifo chake mwenyewe kikilia upande wa pili wa ukuta, akamhisi bintiye anatetemeka na kujipinda ili akimbie kumwokoa, asiweze kumwambia hata neno moja, ila kumfinya bega, na kumfinya, na kumfinya, mpaka ukelele ukawa mkoromo na mkoromo ukakatika.

Baada ya hapo hawakuisikia tena. Harufu ya tope nayo ilitoka. Siku ya arobaini na moja, baada ya alasiri, Mzee Jumbe alikuja, akazunguka vyumba vyote, akasoma, akasema nyumba ni safi na mama anaweza kusema.

Tausi alikuwa kibarazani akiandika kazi ya shule. Nasra alisimama mlangoni.

"Tausi, mwanangu."

Kalamu ya mtoto ilisimama. Hakugeuka.

"Tausi. Ni mimi."

Mtoto aliinama polepole juu ya daftari, akaziba masikio, midomo ikimchezacheza kwa dua aliyofundishwa na bibi yake. Bi Mwanamkasi alimwita kutoka ndani, akamwambia aitike, ni mama yake huyo, mambo yamekwisha. Tausi akatikisa kichwa, macho ameyafumba.

Nasra alikwenda akapiga magoti nyuma yake, akamshika bega. Hapo ndipo mtoto alipolegea, akageuka, akamrukia shingoni, akamsogezea mdomo sikioni ili asisikike na mwingine.

"Usiogope, mama," alinong'ona. "Limerudi, lakini sikuliitikia."