Mgongo wa Dola ya Baba

Ukumbi wa maonyesho ya sarafu mjini Baltimore ulifurika siku ile ya Novemba. Corinne Haverty, ndani ya koti lake jekundu la sufu, aliinamia meza moja, akainua nusu dola ya kale kwa ukingo kama baba yake alivyomfundisha, akafungua kinywa aulize bei.

"Funga mdomo, dada!"

Kijana mrefu aliyeketi nyuma ya meza, shati lake la buluu limenyooshwa kwa pasi, alikuwa ameikinga ile sarafu kwa kiganja.

"Umeniambiaje?"

"Tone moja la mate, fedha inapata doa lisilotoka. Iweke chini kwanza, kisha nitukane upendavyo."

Corinne akaiweka juu ya kitambaa. "Mshenzi wewe."

"Naitwa Wendell. Lakini hata hilo naliitikia."

Corinne akacheka. Tangu amzike baba yake hakuwa amecheka hivyo.

Jioni walikula sandwichi za kaa bandarini, na majira yote ya baridi simu hazikupoa.

"Umelala, malkia?"

"Nimelala."

"Na anayejibu ni nani?"

"Karani wake. Malkia anasema uje Jumapili, na ole wako ukichelewa."

Jumapili moja Corinne alimkabidhi kitu ambacho hakuwahi kumpa mtu: dola ya baba yake ya mwaka 1795, ndani ya bahasha yake ndogo ya karatasi. Utotoni baba alimwonyesha upande mmoja tu, ule wa mwanamke aliyeachia nywele. Mgongo, ule upande wa pili, alikuwa akisema, ni wa siku nyingine. Siku hiyo haikufika, na tangu mazishi Corinne hakuwa na moyo wa kuifungua bahasha. Wendell aliomba aipige picha, waitundike ukutani.

Dola iliporudi, Corinne akapiga moyo konde, akaigeuza. Kifuani mwa tai, ndege aliyechorwa upande huo, palikuwa na mikwaruzo, mistari iliyofuatana kama ya tupa.

Akapiga simu.

"Malkia wangu!"

"Umeikwaruza."

"Nini? Aah, ile mistari!" Wendell akacheka. "Mpenzi, hiyo si..."

"Unacheka? Kumbukumbu ya baba yangu, nawe unacheka?"

Akakata. Wendell alipopiga, hakupokea. Ujumbe wake aliufuta bila kuusoma.

Machi maonyesho yalirudi. Corinne akaenda moja kwa moja kwa Bibi Ostrander, aliyemuuzia baba yake ile dola, kumwuliza kama yupo fundi wa kuifuta mikwaruzo.

"Thubutu!" Bibi akamnyang'anya sarafu. "Nani kakwambia imeharibika? Enzi hizo kipande cha fedha kikizidi uzito walikipiga tupa kwanza, ndipo wakakigonga chapa. Shika lenzi. Tazama manyoya."

Corinne akatazama, pumzi kaibana. Manyoya ya tai yalipita juu ya mistari. Tupa ilitangulia, tai akafuata.

"Nilikuwa na nyingine safi, mwanangu. Baba yako akaikataa. Akasema, 'Nipe hii. Hapa pana mkono wa mtu.'"

Machozi yakamtoka Corinne, akageuza uso yasidondokee fedha. Hakuna aliyemharibia baba yake kitu. Hakuna.

Wendell alikuwa kwenye meza yake ileile, amekonda, shati halijaguswa na pasi. Corinne akaiweka dola juu ya kitambaa, mgongo juu.

"Nimeuona mgongo," akasema. "Nisamehe."

"Nilikupigia mpaka simu yenyewe ikanionea huruma."

"Najua. Ningekuwa wewe, ningeshaacha kupiga."

"Mimi sikuacha. Hata leo asubuhi nimepiga."

Akaiinua ile dola kwa ukingo, akaisogeza karibu na uso, akafungua kinywa. "Corinne, mimi nataka..."

Corinne akakinga sarafu kwa kiganja. "Funga mdomo, bwana. Iweke chini kwanza."

Wendell akaiweka polepole, akaizunguka meza, akamshika mikono yote miwili.

"Haya," Corinne akamwambia, "sasa sema."

Akasema. Hata hakumaliza kumposa, Corinne alikwisha kuitikia ndiyo.