Sentensi Iliyotokana na Muhtasari

Kila jioni, vyombo vikishaoshwa, Kasuku alikaa na shangazi yake kwenye meza ya jikoni, wakahariri ensaiklopidia ya mtandaoni. Jina hilo la utani alilipata utotoni kwa kuongea bila kituo. Lakini tangu mama yake azikwe, alijibu kwa maneno machache tu. Hakulia. Alikula, alikwenda shule, alihariri.

"Maprofesa wa jikoni," kaka yake Kasuku alisema akichungulia mlangoni, "leo mnasahihisha dunia nzima au mtaa wetu tu?"

"Tunaanza na wewe," shangazi alimjibu. "Ile sufuria uliyoosha bado ina ukoko."

Kaka akaichukua, akatoka nayo akicheka peke yake.

Shangazi, fundi wa maabara, alikuwa akipitia makala kuhusu ugonjwa uliomuua mama yake Kasuku. Mchana Kasuku alikuwa ameongeza sentensi: "Mgonjwa akichelewa kufika hospitali, tiba haisaidii." Mwishoni aliutaja utafiti mmoja kama chanzo.

"Utafiti huu umeusoma?"

"Ndiyo."

"Wote?"

Kasuku aliinamisha macho. "Muhtasari tu, shangazi. Kusoma wote wanataka malipo."

"Na muhtasari unasemaje?"

"Waliochelewa walikufa wengi zaidi."

"Wengi zaidi si wote."

Shangazi alikuwa amehariri kwa kujitolea miaka mingi, na wahariri wa aina yake waliruhusiwa kuingia bure kwenye hifadhi za tafiti. Aliingiza nywila yake. "Hii nimepewa mimi, siigawi. Lakini sogea, tusome pamoja."

Walisoma polepole mpaka wakafika kwenye jedwali. Miongoni mwa waliochelewa lakini wakatibiwa, zaidi ya nusu walipona.

"Sasa, mtu ana mgonjwa ndani, na ameshachelewa. Anasoma sentensi yako. Atampeleka hospitali?"

"Hatampeleka."

Kasuku alijua kwa nini aliiandika. Kama tiba haisaidii, basi hakuna aliyekosea kumweka mama nyumbani wiki zile zote. Aliuliza kwa sauti ya mtu anayeuliza saa: "Kwa hiyo mama angepona?"

"Sijui. Jedwali linahesabu watu wengi. Wifi yangu hayumo. Tulichelewa, hilo ni kweli. Tuliochelewa ni sisi wakubwa, si wewe."

Kasuku akaifuta sentensi. Akaandika: "Katika utafiti mmoja, zaidi ya nusu ya wagonjwa waliochelewa walipona baada ya kutibiwa." Akahifadhi.

"Usitaje utafiti ambao hukuusoma," shangazi alisema. "Ukiukuta umefungwa, muulize mwenye ruhusa, au uuache. Na ukiona sentensi inakupa nafuu, ikague mara mbili. Atakayeisoma ana mgonjwa wake ndani. Anataka kujua kilichopatikana, si kile tunachotamani sisi."